Mlenda wa Fundi Athumani

Safari ya kutoka Tunduma hadi Ilongero ilinichukua siku tatu, na siku zote hizo nilikuwa na furaha ya mtu asiyejua anachokiendea. Usiku wa kwanza nilijilaza kwenye benchi la mgahawa Makambako, kesho yake nikapata lori la mbao hadi Iringa, kisha basi lililopita Mtera, wakati huo barabara bado ni ya vumbi, tukashuka Dodoma abiria wote nyusi nyekundu. Baada ya Manyoni nchi ikawa wazi na kavu, na mawe makubwa yakaanza kuonekana, yamepandana kama yaliyopangwa na fundi aliyeondoka kwenda kula akasahau kurudi. Tulipokaribia Singida mjini niliona ziwa lenye ukingo mweupe. Nikamuuliza mzee niliyekaa naye ule weupe ni nini. "Chumvi," akasema. "Jua likikausha maji, inabaki." Kwenye begi nilikuwa na nguo chache na pimamaji mpya ya kupimia usawa wa ukuta, ndefu, ya rangi ya njano, niliyoinunua Tunduma kama zawadi ya Fundi Athumani. Yeye ndiye aliyenifundisha uashi, miaka miwili, kabla hajarudi kwao. Miezi miwili nyuma alikuwa amenipigia simu: njoo, nina nyumba yangu ya kumalizia, na baada ya hapo kuna madarasa mawili ya kujenga. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi niliyokuwa nayo ilipokwisha niliitikia kama nilivyoitikia kila mwito wakati ule, kwa kufunga begi.

Mwezi uliopita Zainabu, binti yake Fundi, alinipigia kutoka Mwanza. Sijui namba yangu aliipata wapi, maana nimebadilisha laini mara nyingi kama nilivyobadilisha miji. Alisema Bibi Mwajuma, shangazi yake, amefariki, na wameshazika. Hakuwa akiniomba mchango. Alitaka tu nijue. Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kwenye ndoo yangu ya rangi pale nilipokuwa nikipiga lipu, hadi saruji ikaanza kukauka kwenye karai. Kulikuwa na jambo moja ambalo kwa miaka kumi na sita nilijiambia kwamba siku moja nitakwenda kumwambia yule mama uso kwa uso. Sasa hakuna wa kuambiwa, ndiyo maana naliandika.

Nilipofika Ilongero siku ile, bodaboda aliniteremsha mbele ya tembe refu la udongo lenye paa bapa, na pembeni yake nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoishia usawa wa madirisha, chumba kimoja tu kikiwa kimeezekwa. Mama mmoja mzee alikuwa anapepeta uwele uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa Tunduma."

"Ndiye mimi. Fundi yupo?"

Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga. "Yupo," akasema, "ila umemkosa."

Nilielewa nilipoingia ndani. Fundi Athumani, mtu aliyekuwa akibeba mfuko wa saruji huku akipiga mluzi, alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameegemea ukuta, na mkono wake wa kulia umelala mapajani kama kitu ambacho mtu mwingine amekiacha hapo. Mdomo ulikuwa umevutwa kushoto. Aliponiona macho yake yalijaa maji. Akahangaika, akatafuta, kisha akasema kwa sauti iliyo wazi kabisa: "Kesho."

Ilikuwa imetokea wiki nne kabla, asubuhi, akichanganya udongo wa kujengea. Mwiko ulimponyoka. Akainama kuuokota, vidole vikakataa. Akajaribu kumwita dada yake, Bibi Mwajuma, na kilichotoka mdomoni hakikuwa neno la lugha yoyote. Hospitali mjini walisema ni kiharusi, mshipa wa damu umeziba kichwani. Alilala huko siku kumi na mbili, akarudi akiwa anaburuta mguu na amepoteza Kiswahili. Sisemi kwa mfano. Kinyaturu chake kilikuwa kimebaki vipande vipande, cha kutosha kumwomba dada yake maji au blanketi. Lakini Kiswahili, ambacho alikuwa amekitumia miaka thelathini kwenye kazi za watu, kilikuwa kimefutika chote isipokuwa neno hilo moja. Ukimuuliza kama ana njaa, kesho. Ukimuuliza mguu unauma, kesho. Petro, kijana jirani mwenye bodaboda aliyenileta, alicheka hadi akashika kiuno mara ya kwanza alipolisikia. "Huyu ni fundi kweli," akasema. "Ugonjwa umechukua kila kitu ukamwachia neno la ufundi." Bibi Mwajuma alimrushia gunzi la mahindi, lakini naye alikuwa anacheka, na Fundi pia alicheka kwa upande ule mmoja wa uso. Kila mtu aliyewahi kumpa fundi kazi ya nyumba anajua kwa nini.

Nilikuwa nimepanga kulala siku mbili. Bibi hakuniomba nibaki. Aliniuliza tu, asubuhi ya pili, kama ningeweza kumsaidia kumwinua Fundi kwenda chooni, kwa sababu mgongo wake mwenyewe ulikuwa umekwisha. Nikamwinua. Mchana nikamwinua tena. Mke wa Fundi alikuwa amefariki zamani, na Zainabu alikuwa akituma dawa za presha kwa basi kutoka Mwanza, lakini dawa haimwinui mtu. Hivyo ndivyo nilivyokaa mwaka mzima mahali nilipokwenda kwa ajili ya madarasa mawili.

Nilipewa kile chumba kilichoezekwa. Hakikuwa na mlango, nikaning'iniza gunia. Jioni tulikula ndani ya tembe, kwenye sebule yenye giza iliyonukia moshi na nafaka, ndama wakipumua nyuma ya ukuta. Ugali wa uwele, mlenda, mara mojamoja maziwa ya mgando. Bibi alikaa upande wa Fundi akimlisha, na wakiwa pale waliongea lugha yao. Yeye alisema mengi, Fundi neno moja moja, kwa taabu kama mtu anayetoa mawe kisimani. Mimi nilikula nikisikiliza nisichokielewa. Wakati mwingine walitaja Tunduma, wakanitazama, wakaendelea. Nimekaa katika miji mingi tangu wakati ule, nimelala kwenye vyumba vya watu nisiowajua majina, lakini upweke ninaoupima nao upweke mwingine wote ni ule wa kukaa hatua mbili kutoka kwa mtu ambaye zamani tuliongea kutwa nzima juu ya jukwaa, tukitukanana na kuchekana, na sasa mimi na yeye hatuna hata sentensi moja. Nilimwonyesha pimamaji niliyomletea. Aliigeuza kwa mkono wa kushoto, akalitazama lile povu dogo likikimbia, akaniwekea tena mapajani kwangu.

Kila mwezi tulikwenda zahanati kupimwa. Petro mbele, Fundi katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke, mguu wake mmoja nimeufunga kwa kanga usiguse chini; kisha Petro alirudi kumchukua Bibi. Muuguzi wa pale alikuwa mama mnene, mwongeaji, aliyemwita kila mtu mpenzi. Siku ya kwanza alituambia jambo moja mara tatu: presha ishuke, chumvi ikome. "Ya kwanza imemwachia uhai," alisema. "Ya pili sijui itamwachia nini." Bibi alirudi nyumbani akachukua kopo la chumvi, akaimwaga yote kwenye jiwe la kulambia mbuzi. Tangu siku hiyo sikuiona chumvi kwenye nyumba ile. Maharage bila chumvi, kuku bila chumvi, mayai bila chumvi. Wageni waliolalamika walielezwa, na Bibi alieleza kwa fahari. Lakini miezi ilipita na mashine ya presha ilisema yaleyale. Muuguzi akaongeza dawa. Mwezi uliofuata, yaleyale. Akatutazama sisi wawili kama watu wanaomficha kitu.

"Mpenzi, chumvi mmeacha kweli?"

"Kopo lote nimewapa mbuzi," Bibi akasema.

"Basi mbuzi ndio watakuja hapa mwezi ujao." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mboga gani mnakula sana?"

"Mlenda. Kwani kuna mboga gani nyingine?"

"Na unaupikaje?"

Bibi alimtazama kama anayeulizwa namna ya kuvaa kanga. "Kwa magadi. Kama watu wote."

"Kiasi gani?"

Bibi akaonyesha kwenye kidole gumba, hadi kwenye kiungo. Bonge la ukubwa ule, linalowekwa kwenye maji, likiyeyuka maji yanachujwa na kumiminwa kwenye chungu ili mlenda ulainike na kuvutika. Kila siku, mara mbili. Muuguzi aliweka kalamu chini.

"Mama, hiyo ndiyo chumvi yenyewe."

"Magadi si chumvi," Bibi akasema. "Chumvi inauzwa dukani. Magadi ni magadi."

"Ulimi ndio unaotofautisha. Mishipa haitofautishi." Akatueleza polepole, akitumia mpira wa maji wa pale bustanini, jinsi damu inavyosukuma kwa nguvu kuliko mshipa unavyoweza kuvumilia, na jinsi mshipa mwembamba wa kichwani unavyochoka, ukaziba au ukapasuka. Fundi alimsikiliza. Sijui alielewa nini. Akasema, "Kesho," na muuguzi akamshika bega.

Nje Petro alituuliza mbona nyuso zimekunjamana. Bibi alijibu, "Wamesema mlenda wangu unaua." Alitembea kwa miguu nyuma ya pikipiki, akakataa Petro arudi kumchukua. Jioni ile hakukaa karibu na Fundi. Aliniuliza, kwa Kiswahili, ili nijue swali ni langu: "Kwa hiyo ni mimi?"

"Hapana, Bibi. Hukujua."

Alionekana kulipokea jibu hilo. Nami nililisema bila kujua kwamba nilikuwa najinyang'anya udhuru huo mimi mwenyewe.

Mlenda bila magadi si mlenda. Majani yanabaki magumu, yamejitenga na maji yake, yana harufu mbichi. Fundi alionja, akatema. Siku ya pili akatema. Bibi akajaribu bamia, akajaribu karanga, akajaribu mafuta ya alizeti mengi, Fundi akala vijiko viwili akageuza uso ukutani. Kwa mtu aliyepoteza mkono, mguu, kazi na maneno, chakula kile kilikuwa kitu pekee kilichobaki sawasawa na zamani, nacho tulikuwa tumekiondoa. Alianza kukonda. Mabega yake yalichongoka, suruali nikawa naifunga kwa kamba. Nilikuwa nikimwogesha na mbavu naziona. Tulipokuwa wawili alinitazama, akasugua kidole gumba cha kushoto juu ya kidole cha shahada, hivi, kama mtu anayesaga kitu kidogo. Nilijua anachotaka. Nilijifanya sijui.

"Afadhali akonde aishi," Bibi alisema nilipomgusia. Na presha ilishuka kweli. Mwezi ule, kwa mara ya kwanza, muuguzi alipiga makofi.

Kisha Bibi akaitwa msibani Kintinku, kwa wakwe zake, siku nne. Aliniachia nyumba, kuku, ndama na kaka yake, akarudia masharti yake akiwa tayari amepanda kwenye pikipiki ya Petro. Siku hiyohiyo ilikuwa ya mnada. Nilikwenda kununua mafuta ya taa, nikapita kwenye mkeka wa mama anayeuza magadi, mabonge ya kijivu yamefungwa kwenye karatasi za madaftari ya shule. Sikusimama. Nilifika mwisho wa safu, nikageuka, nikarudi, nikanunua bonge moja dogo.

Nimejiuliza sana nilikuwa nafikiri nini. Nafikiri nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu. Nilitaka mtu yule anitazame kama zamani. Niliupika mlenda kama nilivyomwona Bibi akiupika, nikachuja maji ya magadi, mlenda ukalainika na kung'aa, nikauleta na ugali wa moto. Fundi aliunusa kabla hajaonja. Alikula kwa mkono wake mwenyewe wa kushoto, bila kulishwa, akavuta mlenda ukakatika hewani kama inavyotakiwa, akafuta bakuli kwa tonge la mwisho. Halafu akanitazama, akaniwekea mkono begani. "Kesho," akasema. Hata mimi nilijua kwamba safari hii neno lile limesemwa kwa maana yake.

Nikampikia kesho, na kesho yake. Siku ya tatu alinionyesha kwa kidevu ukuta wa nyumba. Nikamsogezea kigoda, nikachanganya udongo, nikaanza kujenga. Nilipoweka tofali bila usawa aligonga ardhi kwa fimbo. Nikachukua ile pimamaji ya njano, nikaiweka juu ya mstari, nikamwonyesha povu. Alitikisa kichwa, nikalitoa tofali, nikaliweka upya. Tuliongea hivyo hadi saa sita mchana, bila neno, na nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Kabla Bibi hajarudi nilikisukuma kile kipande cha magadi kilichobaki, kikiwa bado na karatasi yake, kwenye tundu la jukwaa ukutani, pale tulipokuwa tumechomoa mti.

Aliporudi alimkuta kaka yake uso umenawiri. "Umempa nini?" akauliza.

"Amezoea tu, Bibi."

Alifurahi. Akaendelea kupika mlenda wake bila magadi, na mimi, siku anazokwenda shambani, nikaendelea kupika wangu. Iliendelea hivyo kwa wiki tatu.

Ilikuwa asubuhi, jua bado halijawa kali. Fundi alikuwa kwenye kigoda chake mbele ya ukuta, mimi juu ya jukwaa. Alikuwa ameomba mwiko, akawa anapaka udongo kwenye tofali moja kwa mkono wa kushoto, taratibu, vizuri. Nilisikia mwiko ukianguka. Nikageuka nikamwona anautazama pale chini, kama anayeshangaa jambo analolijua. Hakuinama kuuokota mara hii. Aliegemea upande, na nilipomfikia alikuwa akikoroma, jicho moja wazi. Petro alileta gari la mtu badala ya pikipiki. Hospitali walituambia mshipa umepasuka. Aliishi siku mbili bila kuamka.

Msibani nilikaa na wanaume, nikasikia kila kitu. "Ni presha hiyo." "Lakini walimwachisha chumvi." "Walimwachisha hata magadi, Mwajuma mwenyewe kasema, na ilikuwa imeshuka." "Basi siku yake." Mmoja akanisifu mimi, kwamba mtoto wa watu kamhudumia kama baba yake, wengine wakaitikia. Nilinyanyuka nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Siku ya pili nilikwenda kwenye ukuta kukichukua kile kipande nikakitupe, nikaingiza vidole kwenye tundu. Kulikuwa hakuna kitu. Nikajiambia panya. Panya hawali magadi, lakini nilijiambia hivyo.

Miaka mingi baadaye, Mbeya, nilimweleza muuguzi mmoja kisa hiki kama cha mtu mwingine. Alisema kiasi kile kidogo peke yake hakiwezi kumwua mtu, mishipa ile ilikuwa imechakaa miaka mingi kabla, huenda ingepasuka hata kwa maji matupu. "Au isingepasuka mwaka ule," akaongeza. Alikuwa mkweli. Nimelala na kila moja ya sentensi hizo mbili kwa zamu.

Nilikaa hadi arobaini ikapita. Sikumaliza nyumba, niliufikisha ukuta kwenye lenta tu, juu kidogo ya madirisha. Asubuhi ya kuondoka Bibi Mwajuma aliniita ndani ya tembe. Alikuwa ameniandalia mkate wa uwele, chupa ya asali, na mwiko wa Fundi umefungwa kwenye kitambaa. Pimamaji aliniomba ibaki, aitundike. Kisha akaingiza mkono kwenye pindo la kanga, akatoa kitu kidogo akaniwekea kiganjani, akavikunja vidole vyangu juu yake kwa mikono yake miwili. Nilijua kabla sijafungua. Niliitambua karatasi ya daftari, hesabu za mtoto fulani, za kujumlisha.

"Nilikiona siku aliyoanguka," akasema. "Nilikwenda kuokota mwiko."

Nilifungua mdomo. Siku arobaini alikuwa amenipikia, amenifulia, amesikia nikisifiwa, naye anajua.

"Usiseme," akasema. "Wiki zile tatu alikula. Mimi nilimnyima." Akanisogezea kitambaa chenye mwiko. "Nenda, mwanangu. Petro anakungoja."

Kulikuwa na nafasi ya kukiri kwa mdomo wangu pale, na sikuitumia, kwa sababu aliniambia nisiseme na kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kumtii. Nilitoka. Petro alifunga begi langu kwenye pikipiki, akanipeleka hadi Singida stendi bila mzaha hata mmoja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Basi la Dodoma lilikuwa linanguruma. Alinisaidia kupakia mzigo, akanishika mkono, akaushikilia.

"Sasa Tunduma, Bibi ataniuliza. Utarudi lini?"

Karatasi ile ilikuwa bado kiganjani, imelowa jasho.

"Kesho," nikasema.

Petro alicheka kidogo, akaachia mkono wangu, na mimi nikapanda.